Nongo, Mafuta na Ubao wa Vidole wa Gitaa

Ubao wa vidole ni kipande chembamba cha mbao ngumu kilichogundishwa juu ya shingo ya gitaa, chini kidogo ya nyuzi, na hapo ndipo vidole vinapotua kila noti inapotafutwa. Unene wake ni milimita chache tu. Umekatizwa na vipande vya chuma viitwavyo freti, ambavyo kwa kawaida ni 19 kwenye gitaa la klasiki na hufika 22 au 24 kwenye magitaa mengi ya umeme. Sehemu nyingine za gitaa, kuanzia tumbo hadi mgongo wa shingo, mara nyingi hupakwa vanishi au lakeri. Ubao wa vidole, ukiwa wa mbao nyeusi au ya kahawia, huachwa wazi. Mbao hiyo tupu ndiyo inayoshikwa kuliko zote, kwa hiyo huchafuka upesi kuliko sehemu nyingine zote za gitaa.

Kinachokusanyika pale si vumbi peke yake. Ni nongo: jasho na chumvi yake, ngozi iliyokufa, mafuta, na vumbi lililonaswa humo. Wapigaji wengi hudhani mafuta hayo hutoka vidoleni. La hasha. Kiganja na ncha za vidole havina kabisa tezi za mafuta. Vina tezi za jasho, tena tele. Mafuta yanayofika kwenye ubao yametoka usoni, kwenye nywele, kwenye losheni au mafuta ya mgando yaliyopakwa asubuhi, na kwenye chipsi na mishikaki iliyoliwa kabla ya kupanda jukwaani. Vidole ni wachukuzi tu. Ndiyo maana kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika gitaa hufaa kuliko chupa yoyote inayouzwa dukani, ingawa ushauri huo haumletei mtu faida ya biashara na kwa hiyo hautangazwi.

Nongo haitapakai sawasawa. Hujificha kwenye pembe, pale mbao inapokutana na mguu wa freti, kwa sababu kidole kinaposukuma uzi huufagia uchafu kuelekea huko na hakuna kinachouondoa. Katikati ya nafasi, mbao inaweza kung'aa kama iliyopigwa rangi, huku pembeni mwa freti kukiwa na mstari mzito wa kijivu. Fundi mwenye uzoefu hulitazama gitaa la mteja na kujua mwenyewe anapiga nini. Mpigaji wa ridhimu, anayeshikilia kodi zilezile za mwanzo, huacha nongo kwenye freti ya kwanza hadi ya nne. Mpigaji wa solo aliyezoea sebene huchafua zaidi ya pale, kuelekea tumboni mwa gitaa, kwenye nyuzi tatu nyembamba. Gitaa la bendi ya dansi, linalopigwa saa nyingi ukumbini hadi usiku wa manane, huweza kupata katika miezi michache nongo ambayo gitaa la sebuleni halitaipata kwa miaka.

Wakati mwingine mstari ule wa pembeni huwa wa kijani. Hiyo si kuvu. Freti za kawaida hutengenezwa kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki, na shaba ikikutana na chumvi ya jasho na unyevu hutoa kutu ya kijani. Kutu hiyo hutoka kwa kufutwa, lakini ikiachwa huendelea kula chuma na kuacha vishimo vidogo ambavyo uzi huvikwaruza kila unapovutwa.

Kabla ya kusafisha, lazima ijulikane ubao ni wa mti gani, au angalau ni wa aina ipi kati ya aina tatu: mbao tupu, mbao iliyopakwa lakeri, na kitu ambacho si mbao.

Mbao tupu zinazotumika zaidi ni rozwudi, ya kahawia yenye mistari na vitundu vinavyoonekana kwa macho, na eboni, nyeusi na laini mguso, ambayo siku hizi hutoka zaidi Afrika ya Kati, hasa Kameruni. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji nao hutumika, ingawa sehemu kubwa ya mpingo huishia kwenye zumari za Ulaya kama klarineti na oboi. Wengi huuhesabu mpingo kuwa eboni kwa sababu ya weusi wake. Kwa ukoo hasa, mpingo ni Dalbergia melanoxylon, yaani ni ndugu wa rozwudi za India na Brazili. Eboni halisi ni wa jenasi nyingine, Diospyros. Undugu huo una maana kwa msafishaji. Miti ya Dalbergia ina utomvu na mafuta yake ya asili, na mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini huzama. Mbao ya namna hiyo haina kiu ya mafuta kama wauzaji wa mafuta wanavyopenda kusema.

Undugu huo pia ulileta usumbufu mpakani. Tarehe 2 Januari 2017, jenasi nzima ya Dalbergia iliingizwa kwenye orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Rozwudi ya Brazili ilikuwa tayari kwenye orodha ya kwanza, kali zaidi, tangu 1992. Watengenezaji wa magitaa wakajikuta wanahitaji vibali kwa kila shehena. Mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa ziliondolewa kwenye sharti hilo, isipokuwa zile za rozwudi ya Brazili, lakini katika miaka hiyo mitatu viwanda vingi vilikwisha kuzoea miti mingine, na hata mbao bandia. Kwa hiyo gitaa la kiwanda lililonunuliwa baada ya 2017 linaweza kuwa na ubao wa mti ambao fundi wa zamani hajawahi kuushika.

Mbao iliyopakwa lakeri ni hasa ya mepo, mti wa Marekani Kaskazini ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Mbao yake ni nyeupe ya maziwa, na ikiachwa wazi hunyonya uchafu na kugeuka kijivu, kwa hiyo hufunikwa kwa lakeri. Gitaa la umeme la Stratocaster la kampuni ya Fender lilipotoka mwaka 1954 lilikuwa na shingo ya mepo mtupu, freti zikiwa zimepigiliwa humo humo; rozwudi iliwekwa juu yake kuanzia 1959. Magitaa ya miaka ile ya mwanzo yaliyopigwa sana yana mabaka meusi katikati ya nafasi za freti, pale vidole vilipomaliza lakeri na kuifikia mbao. Ubao wa aina hii haupakwi mafuta kamwe. Mafuta hayawezi kupita kwenye lakeri. Yatabaki juu yakinata na kukusanya vumbi. Palipochubuka, yataingia chini ya lakeri na kuzidisha baka. Kitambaa chenye unyevu kidogo, kikifuatwa na kikavu, kinatosha.

Aina ya tatu ni mbao bandia, zilizotengenezwa kwa karatasi na utomvu wa kiwandani vikashindiliwa kwa joto. Huwa nyeusi sawasawa, bila mstari wala kitundu. Hazisinyai, hazinyonyi kitu, na kuzipaka mafuta ni sawa na kupaka mafuta meza ya plastiki. Maji kidogo yenye sabuni laini yanazimaliza.

Kuna na udanganyifu mdogo unaostahili kutajwa. Magitaa ya bei ya chini hutumia mti mweupe au wa kahawia hafifu uliotiwa rangi nyeusi ufanane na eboni. Mwenyewe huanza kusafisha, akaona kitambaa kimekuwa cheusi, akasugua zaidi akidhani nongo haijaisha, kumbe anaing'oa rangi. Namna ya kupambanua ni kugusa sehemu isiyofikiwa na vidole, mwisho kabisa wa ubao karibu na tundu la sauti, kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Nongo hutoka na kikomo chake kikaonekana. Rangi hutoka hata pale ambapo hakuna aliyewahi kugusa, na haina kikomo.

Sasa, dhana inayoendesha biashara yote ya chupa za mafuta ya gitaa ni kwamba ubao "hukauka" na mafuta huurudishia unyevu wake. Hapa kuna mambo mawili yaliyochanganywa. Unyevu uliomo kwenye mbao ni maji. Mbao huyanywa kutoka hewani na kuyarudisha hewani kadiri hewa inavyobadilika, na katika kufanya hivyo hutanuka na kusinyaa, zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Mafuta si maji na hayawezi kukaa mahali pa maji. Ubao uliosinyaa kwa hewa kavu utabaki umesinyaa hata ukipakwa mafuta chupa nzima. Dalili yake inajulikana: mkono ukipita pembeni mwa shingo huhisi ncha za freti zikikwaruza. Freti hazikurefuka, ila chuma hakisinyai pamoja na mbao. Ubao ndio uliorudi ndani na kuziacha nje. Dawa ya hali hiyo ni unyevu wa hewa. Ikishindikana, ni tupa ya fundi.

Kinachofanywa na mafuta ni kidogo zaidi. Huingia kwenye vitundu vya juu ya mbao, huirudishia rangi yake ya giza, huufanya uso uwe laini chini ya vidole, na hupunguza kasi ya jasho na nongo mpya kupenya. Hayo yana thamani yake, lakini ni umaliziaji. Kazi yenyewe ni kusafisha. Na ubao mwingi unaosemwa kuwa umekauka, ukitazamwa kwa makini, ni mchafu tu: ile rangi ya kijivu isiyo na uhai ni utando wa nongo, nao ukitolewa mbao huonekana nyeusi ileile ya siku ya kwanza kabla tone lolote halijadondoshwa.

Wakati mwafaka wa kusafisha ni siku ya kubadili nyuzi, kwa sababu huwezi kuufikia ubao vizuri nyuzi zikiwapo. Hofu kwamba kutoa nyuzi zote kwa pamoja kutaipinda shingo haina msingi kwa muda wa saa moja au mbili. Ni kweli nyuzi za chuma huivuta shingo kwa nguvu ya takribani kilo 70, na za nailoni karibu kilo 40, na shingo ikiachiwa hujinyoosha kidogo. Lakini hurudi pale pale mzigo unaporudi. Jambo la busara ni kulegeza nyuzi zote taratibu kabla ya kuzikata, badala ya kukata uzi uliokaza, ambao huruka na kuweza kumpiga mtu jichoni. Tahadhari ya kweli ni kwa magitaa mawili: lile lenye daraja lisilogundishwa, linaloshikiliwa na nyuzi tu, na lile la umeme lenye daraja linaloelea juu ya springi. Kwa hayo, mahali pa daraja huwekewa alama kwanza, au nyuzi hutolewa tatu tatu.

Gitaa hulazwa chali juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, na chini ya shingo, karibu na kichwa, huwekwa kanga iliyoviringwa ili shingo isining'inie. Tundu la sauti huzibwa kwa kipande cha kadibodi. Kwenye gitaa la umeme, pikapu, zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, hufunikwa na kubandikwa tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, isiyong'oa lakeri. Sababu yake itaonekana baadaye.

Nongo nzito hukwanguliwa kwanza ikiwa kavu. Kadi ya plastiki iliyokwisha muda ni chombo bora kuliko kisu: ukali wake unatosha kuinua nongo, lakini hautoshi kuchimba mbao. Kadi hushikwa ikiwa imelala kidogo, ikasogezwa sambamba na freti katika ile pembe, na nongo hutoka kama vinyweleo vya kijivu. Kijiti cha meno cha mbao humalizia pale kadi isipofika. Wapo wanaotumia wembe, na mafundi wazoefu huufanya wembe ufanye kazi nzuri ya ajabu, lakini mkono ukiteleza mara moja mkwaruzo huo hauondoki.

Baada ya hapo huja kitambaa. Fulana ya pamba iliyochakaa, isiyoacha manyoya, hulowanishwa kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, ikakamuliwa mpaka isidondoke. Ubao hufutwa kwa kufuata urefu wa mbao, nafasi moja baada ya nyingine, na kila nafasi hukaushwa papo hapo kabla ya kwenda inayofuata. Maji hayaharibu mbao yakikaa sekunde kumi; huharibu yakiachwa yakaingia kwenye mifereji ya freti. Mswaki laini wa zamani husaidia kwenye rozwudi, ambayo vitundu vyake hushika uchafu ambao kitambaa hupita juu yake tu.

Ikiwa sabuni haikutosha, na hasa kama nongo imechanganyika na mafuta ya kupaka, kinahitajika kiyeyushi. Kinachofaa ni nafta, ambayo kwa Afrika Mashariki hupatikana kirahisi zaidi kama mafuta ya kujazia laita. Huyeyusha grisi, huruka hewani haraka, na haivimbishi mbao. Hutumika kidogo, kwenye kitambaa, madirisha yakiwa wazi, mbali na jiko na sigara. Mafuta ya taa si mbadala wake: hayakauki vizuri na huacha utando na harufu. Petroli haifai kabisa. Na tina ya wapaka rangi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu huyeyusha lakeri. Tone moja likidondokea tumboni mwa gitaa la zamani huacha doa ambalo hakuna polishi inayolifuta. Asetoni, inayotolea rangi ya kucha, huyeyusha vitone na kingo za plastiki zinazopamba ubao. Mapambo ya lulumizi halisi hayadhuriwi na asetoni, lakini tindikali kama ya ndimu huyala.

Hapo ndipo penye kosa linalotokana na jina la bidhaa. Chupa nyingi za kutunzia gitaa huandikwa kuwa ni mafuta ya limau, na mwenye gitaa asiyeipata dukani huona ni akili kukamua limau lenyewe. Maji ya limau ni tindikali. Hukwajua chuma na lulumizi na kuacha sukari inayonata. Mafuta ya limau hutoka kwenye ganda, si kwenye maji yake, nayo yakiwa halisi ni kiyeyushi kinachosafisha na kuruka, bila kubaki kwenye mbao. Kilichomo kwenye nyingi ya chupa hizo, ukiondoa harufu, ni mafuta ya madini, yale yale yanayouzwa kwenye maduka ya dawa kama parafini ya maji kwa ajili ya choo kigumu. Hayana rangi, hayachachi, hayagandi, na bei yake ni ndogo kuliko ya chupa yenye picha ya gitaa. Mafuta ya watoto ni hayo hayo yakiwa na manukato. Kwa ubao wa rozwudi, eboni au mpingo, mafuta haya ndiyo chaguo lisilo na matata.

Mafuta ya jikoni ni habari nyingine. Alizeti na zeituni yakikaa hewani huchacha, yakanuka na kunata. Mafuta ya nazi, ambayo mtu wa pwani huyafikia kwanza kwa sababu yapo nyumbani na yanafaa kwa kila kitu kingine, huchelewa kuchacha, lakini huganda joto likishuka chini ya takribani nyuzijoto 24. Mombasa hilo halionekani. Njombe au Limuru, asubuhi ya mwezi wa saba, gitaa litaamka na utando mweupe kwenye vitundu vyake.

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa yana wafuasi wengi miongoni mwa mafundi wa zamani, na si bure. Hayabaki kuwa mafuta: hukutana na hewa yakakauka kuwa ngozi nyembamba ngumu inayolinda mbao kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo hiyo, yakizidishwa huacha ganda linalonata ambalo kulitoa ni kazi ya kutwa. Na yana hatari ambayo haina utani. Yanapokauka hutoa joto, na tambara lililolowa mafuta hayo likifinyangwa na kutupwa kwenye pipa huweza kupata joto lisilo na pa kutokea hadi likawaka lenyewe, bila kiberiti. Tambara hilo hutandazwa nje likauke, au hutumbukizwa kwenye ndoo ya maji kabla ya kutupwa.

Polishi za samani zenye silikoni hazifai hata kwa dharura. Zinang'arisha siku hiyo, lakini silikoni huingia kwenye mbao na haitoki, na siku fundi atakapotaka kugundisha ufa au kupaka lakeri upya, gundi na lakeri vitakataa kushika.

Kuna hatua moja kati ya usafi na mafuta ambayo ni ya hiari. Ni kupitisha pamba ya chuma laini kabisa, ile yenye alama ya sifuri nne, kwa kufuata urefu wa mbao. Hung'arisha freti na mbao kwa mkupuo mmoja na kuacha uso kama hariri. Stilwaya ya kusugulia masufuria haiwezi kushika nafasi yake, itachora mistari. Pamba hii humwaga chembechembe za chuma, na pikapu ni sumaku: chembe zikinaswa humo hazitoki, na baadhi huanza kupunguza sauti. Hiyo ndiyo kazi ya tepu iliyobandikwa mwanzo. Ubao wenye lakeri ya kung'aa hauguswi na pamba hii, maana itaufifisha.

Mafuta yenyewe hupakwa kwa matone. Matone sita au saba kwenye kitambaa yanatosha ubao mzima, na anayehisi amepaka kidogo mno pengine amepaka kiasi. Mbao ya rozwudi hugeuka giza papo hapo. Huachwa dakika tano hadi kumi, kisha kila kilichobaki juu hufutwa kwa kitambaa kikavu mpaka kidole kikipita kisiache alama. Hatua hii ya kufuta ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoleta malalamiko ya nyuzi mpya kufa sauti ndani ya wiki: mafuta yaliyobaki huingia kwenye mizunguko ya nyuzi nene na kuzima mlio wake. Mafuta yanayozidi pia hushuka kwenye mifereji ya freti, na freti iliyoshikwa kwa gundi huanza kulegea.

Mara ngapi? Kusafisha, kila nyuzi zinapobadilishwa. Mafuta, mara moja kwa mwaka kwa gitaa la rozwudi linalopigwa sana, na kwa mpingo au eboni hata mwaka ukipita hakuna kinachoharibika. Hewa ya mahali huamua zaidi kuliko kalenda. Gitaa hupenda unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 40 na 60. Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar huwa juu ya hapo muda mwingi wa mwaka, kwa hiyo ubao wa gitaa la pwani haukauki. Adui yake ni jasho, chumvi ya upepo wa bahari na kutu. Huko mafuta hayana kazi kubwa, na kitambaa kikavu kinachopitishwa juu na chini ya nyuzi kila baada ya kupiga ndicho kinachookoa gitaa. Dodoma na Singida wakati wa kiangazi ni kinyume chake.

Kinyume zaidi ni gitaa linalohama na mwenyewe. Muscat na Dubai zipo kando ya bahari, lakini kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana hukausha hewa ya chumbani. Na Ulaya au Kanada wakati wa baridi, joto la ndani ya nyumba huweza kuushusha unyevu chini ya asilimia 30. Gitaa lililokaa miaka Mombasa likapelekwa Toronto mwezi Desemba huanza kuonyesha ncha za freti kabla majira hayajabadilika, na likipuuzwa, tumbo hupasuka. Kinachohitajika huko ni haigromita ndogo, yaani kipimo cha unyevu, ndani ya kasha, pamoja na sponji yenye unyevu, iliyokamuliwa vizuri, ndani ya kibweta cha sabuni kilichotobolewa matundu. Sponji hulowanishwa upya kipimo kinapoteremka. Kasha hufungwa, si gitaa kutundikwa ukutani juu ya hita.

Kazi ikiisha, ubao huwa umefichua mengine yaliyokuwa yamefunikwa na nongo. Vishimo kwenye mbao chini ya uzi wa kwanza na wa pili ni uchakavu wa kawaida wa kucha na vidole na havidhuru sauti mpaka viwe virefu. Freti zenye mifereji iliyochimbwa na nyuzi, freti inayocheza ikibonyezwa, au ufa unaofuata urefu wa mbao kutoka kichwani, hivyo ni vya fundi, na mafuta hayapakwi kabla yake, kwa sababu gundi haishiki mbao yenye mafuta.

Kadibodi na tepu hutolewa, chembe za chuma zikifagiliwa kwa burashi kwanza ili zisiangukie ndani. Nyuzi mpya huvishwa kwa mikono iliyonawiwa, kuanzia za nje kuelekea ndani ili shingo ivutwe sawasawa pande zote mbili, na gitaa hutuniwa mara mbili au tatu katika siku ya kwanza, kwa sababu nyuzi hunyooka na shingo hurudi polepole kwenye mzigo wake.